Ndege wa Mjini Wanahitaji Mashahidi

Mtu atokaye Goma kwenda Sake, akiisha kupita Mugunga, husafiri juu ya mawe meusi ya volkano. Upande wa kulia huona Hifadhi ya Virunga, iliyowekwa tangu mwaka 1925, na upande wa kushoto ziwa Kivu. Kabla ya kuingia Sake hukuta Mubambiro. Katika miaka ya karibuni jina la Mubambiro limetajwa redioni kwa sababu ya kambi za askari, kambi za wakimbizi, na vita vilivyofika Sake na Goma mwezi wa Januari 2025. Habari za ndege wake hazikutajwa. Sisi twataka kuzitaja leo, nanyi wasomaji wapenzi msidhani kwamba tumekosa mambo makubwa ya kuandika. Mwaweza kuona wenyewe kama jambo hili ni dogo.

Kwanza hatuna budi kuungama kosa letu. Miaka kadhaa iliyopita tulinunua kasuku. Msafiri mmoja alikuwa akitoka pande za Walikale, naye alichukua ndege watatu katika kikapu kilichofunikwa kitambaa. Tuliwaza kwamba kasuku atawafurahisha wanafunzi, na kwamba tutamfundisha kusalimu wageni kwa Kiswahili na kwa Kifaransa. Mabawa yake yalikuwa yamekatwa. Hakusema neno hata moja. Alianza kujinyonyoa manyoya ya kifua, moja moja, mpaka ngozi ikaonekana. Jioni, kunguru walipopita juu wakienda kulala, yeye alijibana kwenye upande mmoja wa tundu na kuwatazama. Alikufa kabla ya muhula kwisha. Siku ile mwanafunzi mmoja wa darasa la nne alituuliza: Mwalimu, yule mwuzaji ataleta mwingine? Hapo ndipo tulipofahamu kwamba fedha zetu zilimrudisha msafiri yule msituni. Tulimnunua ndege mmoja tukawatia wengine hatarini.

Kasuku wa kijivu hutaga mayai machache tu katika shimo la mti mkubwa, wala hazai upesi kama kuku. Watu humkamata kwa ulimbo, au huchukua makinda tundumni kwa kuupanda mti, na mara nyingine mti wenyewe hukatwa. Wengi hufa njiani kabla ya kumfikia mnunuzi. Ndiyo maana mwaka 2016, katika mkutano wa mataifa uliofanyika Johannesburg, biashara ya kimataifa ya kasuku waliokamatwa porini ilikatazwa. Huko Lwiro, karibu na Bukavu, kiko kituo kilichoanzishwa mwaka 2002 kwa ajili ya sokwe walionyang'anywa wawindaji, nao kasuku walionusurika hupokewa huko vilevile. Lakini ndege aliyekatwa mabawa hukaa muda mrefu kabla ya kuweza kuruka tena, na wengine hawaruki kamwe.

Sasa tutazame habari ya Ghana. Katika nchi ile walikuwako watu waliohesabu kasuku miaka ya 1990. Walikwenda jioni mahali ndege wanapolala, wakahesabu, wakaandika. Mahali patatu palikuwa na kasuku 700 hadi 1,200 kila pamoja. Baada ya miaka ishirini hivi wengine walirudi mahali pale pale wakahesabu tena. Mahali pote patatu kwa jumla waliona kasuku 18. Taarifa yao, iliyotangazwa mwaka 2016, ilisema kwamba tangu mwaka 1992 kasuku wa Ghana wamepungua kwa asilimia 90 hadi 99. Habari hiyo ilisaidia sana kuwashawishi wakuu wa mataifa. Lakini angalieni: kama wale wa kwanza wasingaliandika hesabu yao, hawa wa pili wangaliona kasuku 18 na kudhani kwamba ndivyo ilivyokuwa siku zote. Mzee wa kijiji angalisema, zamani walikuwa wengi. Naye kijana angalijibu, wazee husema hivyo juu ya kila kitu.

Hiyo ndiyo kazi tunayotaka kuwaeleza. Si kazi ya bunduki wala ya sare. Ni kazi ya macho, daftari, na kurudi mahali pale pale.

Mfano ulio karibu nasi zaidi uko Kigali. Mnamjua korongo mwenye taji la manyoya ya dhahabu kichwani, ambaye Wanyarwanda humwita umusambi. Miaka kumi na zaidi iliyopita korongo hao walionekana sana mjini Kigali, lakini si mabondeni. Walikuwa katika bustani za hoteli na nyuani mwa watu wenye nafasi, kwa kuwa walihesabiwa kuwa pambo la nyumba. Mabawa yao yalikatwa, na katika hali hiyo hawakuzaa. Mganga wa wanyama, Bwana Olivier Nsengimana, aliona kwamba mambo yakiendelea hivyo, watoto wa Rwanda watamjua korongo katika picha tu. Mwaka 2014 alianza kazi, na shirika lake laitwa RWCA.

Twapenda sana namna alivyoanza. Hakuanza kwa kuwashitaki watu. Kwa kupatana na serikali, wenye korongo waliambiwa wawatangaze, wala hawatatozwa faini. Wengi walitangaza. Ndege waliokuwa wazima walipelekwa Hifadhi ya Akagera wakajifunze tena kuruka na kujitafutia chakula. Wale ambao hawataruka tena waliwekwa katika bustani moja mjini Kigali iitwayo Umusambi Village, ambapo wanafunzi huenda kuwatazama. Kisha ikaja hesabu. Kila mwaka watu huenda mabondeni, na wengine hupita juu kwa ndege, wakahesabu korongo wa nchi nzima. Mwaka 2017 walipata 487. Mwaka 2022 walipata zaidi ya 1,000. Katika kazi hiyo wamo wakulima na vijana wa vijijini, ambao wanajua korongo hulala katika bwawa gani na nani amemwaga maji ya bwawa lile ili apande viazi.

Mtu atasema: hao wana shirika, wana magari, sisi wa Mubambiro tuna nini? Basi asikilize habari ya Nairobi. Tangu mwaka 1971 watu hukutana kila Jumatano asubuhi ili kutembea na kutazama ndege wa mji ule. Aliyeyaanzisha matembezi hayo ni Bibi Fleur Ng'weno. Hakuna mtihani wa kuingia. Ajuaye humwonyesha asiyejua, na majina ya ndege huandikwa. Vijana wengi wa Kenya ambao leo huongoza wageni au hufanya kazi ya kuhifadhi viumbe walianza katika matembezi ya Jumatano, wakiazima darubini ya jirani.

Tena wajuzi wakubwa wamekuwa wanafunzi wa wenyeji mara nyingi kuliko wanavyopenda kusema. Mwaka 1913, huko Avakubi katika Ituri, Mmarekani James Chapin aliona unyoya katika kofia ya mwenyeji mmoja. Hakuutambua, akauhifadhi. Mwaka 1936, katika jumba la makumbusho la Tervuren huko Ubelgiji, aliwaona ndege wawili waliokaushwa, wamesahauliwa juu ya kabati, wameandikiwa jina la tausi wa Bara Hindi. Unyoya wake ulikuwa wa ndege hao. Ndivyo wataalamu walivyomjua tausi wa Kongo, baada ya miaka 23. Watu wa msituni walikuwa wakimvaa kichwani siku zote hizo.

Sasa turudi Mubambiro. Hapa petu mji unakuja mbio. Goma imekuwa mji wa watu zaidi ya milioni moja, na nyumba zimefuata barabara. Miti hukatwa kwa ajili ya makala. Hatumlaumu mama aliyekimbia vita akakata tawi ili awapikie watoto uji. Yeye mwenyewe angependa kupata njia nyingine. Lakini ule mti uliobaki penye kisima, ile michongoma ya shule, ile mianzi michache ya ufukweni, ndiyo makao ya ndege wa mjini. Chozi hunyonya maua ya uani. Mnana hufuma viota vyake penye matete. Mdiria mweusi na mweupe huning'inia juu ya maji kabla ya kutumbukia. Mnandi hukausha mabawa yake juu ya jiwe. Mwewe hutuibia vifaranga, nasi hatumpendi, lakini huyu pia aandikwe.

Mwenye kutaka kuanza achague mahali pamoja tu: uwanja wa shule, kisima, au kipande cha ufukwe. Aende huko siku ile ile ya juma, saa kumi na mbili na nusu asubuhi, akae nusu saa. Aandike tarehe, saa, hali ya mvua, na idadi ya kila ndege. Asiyejua jina aandike alivyomwona: ukubwa wake ukilinganishwa na njiwa, mdomo, miguu, rangi ya kifua, sauti. Jina la Kihunde au la Kinyarwanda lafaa kabisa. Mtaalamu atalitafsiri baadaye. Aliyeona hakuna ndege aandike kwamba hakuna, maana hiyo nayo ni habari. Mwezi wa Septemba au Oktoba mbayuwayu wa Ulaya huanza kufika kwetu, na mtoto yeyote aweza kuandika siku ya kwanza aliyowaona. Afanye hivyo miaka mitano, naye atakuwa na kitu ambacho hata chuo kikuu hakina kwa habari ya Mubambiro.

Yako mambo mawili ya kuangalia sana. La kwanza, mahali petu si kama Nairobi. Pakiwa na askari, mtu mwenye darubini na daftari huweza kudhaniwa mpelelezi. Kwa hiyo tusitumie darubini karibu na kambi wala penye kizuizi cha barabara, tusipige picha, na tumwarifu kwanza mkuu wa shule na mkubwa wa mtaa. Kwa kweli ndege wa uani hawahitaji darubini. La pili, tusiache njia iliyozoewa. Vita huacha mabomu ardhini, na ndani ya Hifadhi mtu haingii bila ruhusa. Hakuna ndege anayestahili mguu wa mtoto.

Daftari likijaa, lisiwekwe sandukuni. Nakala moja ibaki shuleni, nyingine ipelekwe kwa wenye mamlaka ya mazingira au kwa watu wa ICCN. Mwenye simu na mtandao aweza kuituma hesabu yake katika eBird, iliyoanzishwa mwaka 2002 na Chuo Kikuu cha Cornell cha Marekani, ambapo hesabu kutoka dunia nzima hukusanywa. Siku watakapokuja kupima kiwanja cha kujenga penye matete, mwalimu mwenye hesabu ya miaka mitatu atakuwa na la kusema barazani. Mwenye huzuni tu hatasikilizwa.

Manati pia tumeyafikiria. Wavulana wetu huua ndege wadogo kwa mawe, wengine kwa njaa, wengine kwa mchezo tu. Huko Marekani zamani palikuwa na desturi ya kushindana kuwapiga ndege kwa bunduki siku ya Noeli. Mwaka 1900 Bwana Frank Chapman aliwaomba watu siku ile washindane kuhesabu badala ya kuua. Mwaka ule wa kwanza walipatikana watu 27. Siku hizi ni maelfu na maelfu. Nasi tuliwaambia wavulana wetu kwamba atakayeleta orodha ndefu ya ndege walio hai atapewa kalamu na daftari jipya. Wanne wamekwisha kuanza. Mmoja wao, ambaye mwaka jana alikuwa hodari wa manati kuliko wote, aligundua kiota cha fundichuma ambacho sisi tulipita chini yake mwaka mzima tukidhani ni takataka za mafuriko.

Na kasuku je? Yule msafiri alirudi mwaka uliofuata, na kikapu chake kilikuwa kimefunikwa vilevile. Tulimkaribisha maji, tukakaa naye kibarazani, tukamweleza jinsi ndege wake alivyokufa. Alisema ana watoto sita. Hatukuwa na jibu zuri la kumpa, wala hatukununua. Alituaga kwa heshima akashika njia ya Goma.

Wiki iliyopita wale wavulana wanne walileta madaftari. Mmoja ameandika kunguru 41 kwa nusu saa. Twamshuku kwamba amewahesabu wengine mara mbili, na Jumamosi tutakwenda naye tuhesabu pamoja.