Utangulizi: Damu ya Mzee Katika Makopo Mawili

Fundi rangi yeyote wa Mombasa, Arusha au Nakuru analijua swali hili. Rangi imekwisha, kipande cha ukuta kimebaki, na duka la karibu haliuzi rangi ya kampuni iliyotumika kuanzia kazi. Mwenye nyumba anataka damu ya mzee ileile kutoka kopo la kampuni nyingine. Itakubali?

Itakubali, ila swali lenyewe linadai nyongeza: ikubali chini ya mwanga gani, ikiwa na mng'ao gani, machoni pa nani? Kufanana kwa rangi hakumo ndani ya kopo. Hutokea pale ukuta uliopakwa, mwanga na jicho vinapokutana, na kimoja kikibadilika makubaliano yanaweza kuvunjika. Kitabu hiki chote ni ufafanuzi wa maneno hayo. Nimekiandika kwa wanafunzi wa kemia na usanifu majengo, kwa wauzaji wa rangi, na kwa mafundi wenyewe, ambao wengi wao wameyaona kwa macho mambo ambayo vitabu huyaeleza kwa hesabu. Elimu ya upimaji rangi haimdai mgeni wake zaidi ya hesabu za sekondari na subira ya kutazama.

Nimeichagua nyekundu hii iliyokoza, damu ya mzee au maruni, iwe mlango wa kuingilia kwa sababu tunaishi nayo. Ndiyo rangi ya ukanda wa chini wa ukuta, ule unaopakwa ili matope yanayoruka wakati wa mvua yasionekane. Ndiyo rangi ya mageti, ya mabati na ya sakafu za redi oksaidi. Tena ni rangi ngumu kuilinganisha. Anayeimudu hiyo hatapata taabu kubwa na krimu.

Tuanze na majina, kwa kuwa ndipo wengi wanapopotelea. Kampuni mbili zinaweza kuandika maruni kwenye kadi zao na zisiwe na rangi moja, kwani hakuna anayezilazimisha. Namba ni afadhali. Mwaka 1927 Wajerumani walianzisha orodha ya RAL ikiwa na rangi 40, na leo RAL 3009, nyekundu ya oksidi, inajulikana mbali na Ujerumani. Waingereza nao wana orodha yao ya BS 381C, ambamo namba 541 ni maruni. Nyuma ya kila namba kuna sampuli inayoshikika ambayo watengenezaji hupimia kazi zao. Lakini kadi iliyochapwa dukani mara nyingi ni wino juu ya karatasi, na ikikaa dirishani hupauka. Namba inakuambia unakokwenda. Njia ya kufika kila kampuni hujichagulia.

Njia zinawezaje kuwa nyingi na mwisho ukawa mmoja? Hapa pana jambo ambalo naliona zuri kuliko yote katika elimu hii. Nuru tunayoiona ina mawimbi ya urefu wa takriban nanomita 400 hadi 700, na ukuta hurudisha kiasi tofauti cha kila wimbi. Jicho halihesabu mawimbi hayo moja moja. Lina aina tatu za seli za rangi, na kila aina hutoa jumla yake tu. Ni kama mtu aliyeambiwa ana shilingi 1,000 bila kuambiwa kama ni noti moja au mbili za mia tano. Hermann Grassmann aliziandika kanuni za jambo hili mwaka 1853, na James Clerk Maxwell akazijaribu kwa visahani vya karatasi za rangi vinavyozungushwa kwa kasi hadi rangi zake zichanganyike machoni. Mwaka 1931 tume ya kimataifa ya mwanga, CIE, ilikutana Cambridge ikaidhinisha jicho la mfano kwa vipimo vya watu 17: kumi wa W. David Wright na saba wa John Guild. Mashine za kupimia rangi madukani bado zinalitumia jicho hilo, au lile la pili lililoongezwa mwaka 1964 kwa ajili ya nyuso pana zaidi.

Sasa chukua makopo mawili. La kwanza limepata wekundu wake kwa oksidi ya chuma, ndugu wa udongo mwekundu tunaoukanyaga, ikakozwa kwa nyeusi kidogo. La pili limetumia pigmenti ya kikaboni, tuseme kwinakridoni, ikatulizwa kwa njano na nyeusi. Oksidi huanza kurudisha nuru polepole inapotoka kwenye kijani kuelekea nyekundu. Kwinakridoni hukaa chini halafu hupanda ghafla karibu na nanomita 600, tena huacha buluu kidogo irudi. Mchanganyaji hodari anaweza kuzifanya jumla zao zilingane kabisa juani. Ziweke usiku chini ya taa ya tyubu au balbu ya LED, ambayo mawimbi yake hayajapangika kama ya jua, nawe utaona moja imeelekea kahawia na nyingine imeelekea zambarau. Wataalamu huziita rangi za namna hiyo metameri. Muuzaji hajadanganya wala fundi hajaharibu. Jumla zilikuwa sawa kwa mwanga mmoja tu.

Kwa hiyo kuhamisha fomula ya kampuni moja kwenda mashine ya kampuni nyingine ni kazi bure. Matone ya wino hayana nguvu sawa, na besi inayotiwa matone hayo haina kiasi sawa cha titani dioksidi, ule unga mweupe unaoipa rangi uwezo wa kuficha. Paul Kubelka na Franz Munk walionyesha, mwaka uleule wa 1931, kwamba ili kukisia mchanganyiko utakavyoonekana ni lazima ujue mambo mawili kwa kila pigmenti: inameza nuru kiasi gani, na inaitawanya kiasi gani. Mashine ya duka hukokotoa hayo kwa pigmenti zake yenyewe. Mpelekee muuzaji sampuli ya rangi iliyokauka aipime, ukubwa wa kiganja ikiwezekana, na fomula ya zamani iache nyumbani.

Nyekundu iliyokoza ina shida nyingine hapo hapo. Hutengenezwa kwa besi isiyo na titani au yenye titani kidogo sana, la sivyo ingegeuka ya waridi. Matokeo yake haifichi. Mkono mmoja wa rangi juu ya plasta nyeupe huonekana umeelekea waridi, wa pili hushuka, wa tatu ndio hufika. Watu wengi hulaumu mchanganyiko kumbe walisimama kwenye mkono wa pili. Andakoti ya kijivu huokoa mkono mmoja, na ningependa kila duka liwe linamshauri hivyo mnunuzi wa maruni.

Kuna jambo moja ambalo ningetaka msomaji alishike hata akiacha mengine yote. Ni mng'ao. Nuru ikiangukia rangi iliyokauka, takriban asilimia 4 yake hurudi papo hapo kutoka juu kabisa ya utando, kabla haijagusa pigmenti hata moja. Kwa ukuta mweupe unaorudisha asilimia 85, nne hizo hazina uzito. Lakini maruni inaweza kuwa inarudisha asilimia 5 tu ya mawimbi ya kijani na buluu, hivyo nne hizo zinakaribia kulingana na rangi yenyewe. Katika rangi ya kung'aa hurudi upande mmoja kama kwenye kioo, nawe ukisogea hatua moja huzioni. Unabaki na wekundu mzito. Katika rangi isiyong'aa hutawanyika pande zote, hazikwepeki, na wekundu huonekana umepungua kana kwamba umepakwa vumbi. Pigmenti ni zilezile, kipimo ni kilekile, na rangi ni mbili. Simama mbele ya geti la rangi ya mafuta lililo ubavuni mwa ukuta wa rangi ya maji, yote yakiwa maruni ya namba moja, kisha usogeze kichwa polepole kutoka kushoto kwenda kulia. Geti litakoza na kumeremeta kwa zamu, na ukuta utatulia palepale. Ndiyo maana kulinganisha kampuni mbili kunaanza na kulinganisha mng'ao, na ndiyo maana mashine za maabara huweza kupima mara mbili, pamoja na ule mrudisho wa juu na bila huo.

Je, tofauti ndogo kiasi gani inavumilika? David MacAdam alichapisha mwaka 1942 vipimo vilivyoonyesha kwamba jicho halina ukali sawa kwa rangi zote, na kuanzia hapo hesabu za tofauti zimerekebishwa tena na tena, zikiwemo za CIELAB mwaka 1976. Sura ya sita inazipitia. Kwa ukutani, wenye ujuzi humaliza kopo kwenye kona na kuanzisha kopo jipya upande wa pili. Wako sahihi kabisa: nyuso mbili za kona hazipokei mwanga sawa, na jicho husamehe pale ambapo katikati ya ukuta lisingesamehe.

Ukuta wa zamani una madai yake. Oksidi ya chuma huvumilia jua miaka mingi. Baadhi ya nyekundu za kikaboni hazivumilii. Ikiwa ukuta umepigwa na jua la ikweta kwa muda mrefu, namba iliyoandikwa kwenye kopo la awali ni habari ya siku ilipopakwa. Osha kipande, kiache kikauke, ukipime kilivyo leo.

Kabla hujafungua sura ya kwanza, tafuta vibao viwili. Paka kila kimoja maruni ya kampuni yake, mikono yote, hadi ukingoni kabisa pasibaki mpaka mweupe, na uviache vikauke usiku kucha, kwa sababu rangi ya maji ikiwa mbichi huonekana imepauka. Viegemeze vikigusana: kivulini adhuhuri, kisha juani, kisha ndani chini ya taa utakayoitumia. Badilisha nafasi zake, cha kushoto kiende kulia. Halafu mwite mtu mwingine aviangalie, mzee ikiwa wewe ni kijana, kijana ikiwa wewe ni mzee; lenzi ya jicho huwa ya manjano kadiri umri unavyosogea, na vibao ambavyo babu anaona ni kimoja mjukuu anaweza kuviona viwili.