Tanga, Pwani ya Watu wa Arusha

Mkazi wa Njiro, Arusha, akipata likizo na kuiwaza bahari, mawazo humpeleka Zanzibar, au Dar es Salaam kwa shemeji. Tanga hubaki jina la kwenye kioo cha mbele cha basi. Ni hasara, kwa sababu hakuna mji wa pwani uliofungamana na Arusha kuliko huo, na historia yake inatembeleka kwa miguu, kwa bajaji na kwa nauli ya kawaida.

Kilichoifunga miji hii miwili ni reli. Wajerumani walianza kuijenga kutoka bandari ya Tanga mwaka 1893, wakaifikisha Moshi mwaka 1911, umbali wa kilomita 352. Waingereza ndio walioipeleka hadi Arusha, mwaka 1929. Mkonge wa mashamba ya njiani, na kahawa ya wakulima wa milimani, viliteremka kwa njia hiyo hadi melini, na bidhaa za ng'ambo zikapanda. Zao la mkonge lenyewe liliingia nchini kupitia mkoa wa Tanga huo huo: mwaka 1893 Mjerumani Richard Hindorf aliagiza miche 1,000, ikafika hai 62 tu, ikapandwa karibu na Pangani. Kutokana na miche hiyo michache yakaja mashamba makubwa ambayo msafiri huyaona hadi leo.

Safari ya sasa ni ya basi, na inafaa kuanza alfajiri, kwa kuwa ni zaidi ya kilomita 430. Anayetaka kuona nchi akae upande wa kushoto. Baada ya Moshi atasindikizwa na milima ya Upare, kisha Usambara, mpaka Korogwe. Hapo Segera, basi huiacha barabara ya Dar es Salaam na kushika ya Muheza, kwenye machungwa. Sweta la asubuhi ya Njiro huwa limeshavuliwa zamani. Arusha iko kama mita 1,400 juu ya bahari, na mwili huitambua tofauti hiyo kabla macho hayajayaona maji.

Jijini, mahali pazuri pa kuanzia ni mtaa wa zamani wa serikali, juu ya bandari. Hapo kuna bustani ya Jamhuri, mnara wa saa na majengo ya Kijerumani yenye kuta nene na baraza pana. Boma la zamani sasa ni makumbusho ya Urithi, na picha zake za kale zinamsaidia mgeni kuutambua mji anaporudi mitaani. Ukivuka reli unaingia Ngamiani, ambako barabara zimepangwa kwa namba na baiskeli ni nyingi kweli. Huko ndiko kwenye maisha: mbaazi za nazi asubuhi, supu ya pweza na mihogo jioni. Mgeni aliyevaa kwa heshima na kutanguliza shikamoo haoni shida ya kuelekezwa njia.

Novemba 1914 mji huu mdogo ulikuwa uwanja wa vita. Waingereza walileta kwa meli askari wapatao 8,000, wengi wao Wahindi. Kamanda wa Wajerumani, Paul von Lettow-Vorbeck, alikuwa na watu kama 1,000, lakini alikuwa na reli: aliwashusha askari wake kutoka Moshi kwa treni, wakawahi. Katikati ya mapigano nyuki walioghasiwa wakawashambulia wapiganaji, na Waingereza wakarudi melini wakiacha silaha nyingi. Nyuki ndio wanaosimuliwa zaidi. Lakini makaburi ya askari yaliyomo mjini yanastahili kusimamiwa kwa muda mrefu kuliko hadithi hiyo, kwa maana wengi wa waliolala humo walipigania ufalme usio wao.

Tanga pia ni mji wa kalamu. Serikali ya Kijerumani ilifungua shule hapa miaka ya 1890, na gazeti la Kiswahili la Kiongozi likachapwa hapa kabla ya mwaka 1916. Mwaka 1922 Martin Kayamba na wenzake waliunda hapa chama cha watumishi wa serikali Waafrika, miongoni mwa vyama vya mwanzo kabisa vya aina hiyo nchini. Shaaban Robert alizaliwa Vibambani, kusini mwa mji, tarehe 1 Januari 1909. Kila mtoto aliyesoma sekondari Arusha amekutana na jina lake. Wachache wamefika alikotoka.

Kusini huko huko, njia ya Pangani inafika Tongoni, kama kilomita 17 hadi 20 kutoka mjini. Hapo pana magofu ya msikiti na makaburi ya mawe zaidi ya 40, baadhi yakiwa na nguzo, ya mji wa Waswahili uliostawi kabla Wareno hawajaja. Vasco da Gama alipita pwani hii mwaka 1498, na mwaka uliofuata aliichoma moja ya meli zake kwenye miamba ya jirani. Nguzo nyingi zimeanguka. Sehemu hii inahitaji wageni wengi zaidi, na hasa wageni Watanzania.

Upande wa kaskazini, kilomita chache kutoka mjini, kuna mapango ya Amboni. Wenyeji wamesimulia kwa vizazi kwamba njia zake hutokea Mombasa, au hata Kilimanjaro. Vipimo vya kitaalamu vya mwaka 1994 havikuona njia ndefu kiasi hicho. Hata hivyo mapango yenyewe ni makubwa na yana giza la kweli, kwa hiyo viatu visivyoteleza ni vya lazima, na mwongozaji wa pale asiachwe.

Aliye na siku ya ziada aendelee hadi Pangani, kilomita 50 hivi, akaone mji wa zamani wa wafanyabiashara kwenye mdomo wa mto ambao sehemu ya maji yake hutoka kwenye miteremko ya Meru na Kilimanjaro.