Simu kuukuu yatosha kurudia uchoraji

Wengi wetu tulioshika kompyuta kwa mara ya kwanza miaka ya 2000, katika zile intaneti kafe za kulipia kwa saa, tulianzia mahali pamoja. Barua pepe ikikawia kufunguka, mtu alifungua Paint akachora nyumba, mlima na jua lenye miale. Programu hiyo imekuwa ikija na Windows tangu mwaka 1985. Mwaka 2017 Microsoft ilipotangaza kwamba haitaiendeleza tena, watu walilalamika kote duniani hadi kampuni ikasema itabaki. Ipo hadi leo. Tulioiacha ni sisi.

Mimi nimerudia uchoraji huo kwa simu kuukuu yenye kioo kilichopasuka pembeni, simu ambayo hakuna fundi angeinunua. Naandika haya kwa sababu wafanyabiashara wenzangu wa Rusumo, wanaposubiri mzigo uvuke, huniuliza ninalipa kiasi gani. Jibu ni kwamba silipi. Anayechora kwa rangi za maji au za mafuta hununua rangi, brashi na karatasi, na kila akiharibu hununua tena. Kwenye simu, rangi nyekundu, kijani na bluu kila moja ina viwango 256, na ukizichanganya unapata rangi zaidi ya milioni 16. Haziishi wala hazikauki.

Programu nazo ni za bure. GIMP ilianzishwa mwaka 1995 na wanafunzi wawili wa Chuo Kikuu cha California, Berkeley, na mpaka sasa haiuzwi. Krita, ambayo jina lake ni la Kiswidi lenye maana ya chaki, ni ya wachoraji hasa, nayo ni ya bure vilevile, ila zote mbili zinafaa zaidi kwenye kompyuta. Kwa simu ipo ibisPaint. Hiyo itakuonyesha matangazo, nawe utayavumilia. Kitu pekee cha kuangalia ni bando la kupakulia. Ukishaiweka, unachora bila intaneti.

Kidole ni kinene, kinaziba kile unachochora. Kalamu ya kugusia inauzwa, lakini unaweza kuitengeneza: chukua kijiti chenye pamba cha kusafishia masikio, lowesha pamba kidogo tu, kisha zungushia kijiti karatasi ya alumini, ile ya kufungia chakula, iguse pamba na iguse pia vidole vyako. Kioo cha simu husikia umeme mdogo wa mwili, na alumini huupitisha hadi kwenye pamba. Maji yasizidi.

Anayesema hajui kuchora namshauri aanze na miraba. Susan Kare, aliyebuni alama za kompyuta ya kwanza ya Macintosh iliyotoka mwaka 1984, alizichora kwanza kwenye daftari la miraba, miraba 32 kwa 32. Kwa kujaza na kuacha wazi alipata kikapu cha taka, saa na uso unaotabasamu. Na sisi tuna mwalimu wa karibu zaidi. Ukitoka Rusumo kuja Kigali utapita Nyakarambi, ambako akina mama hutengeneza imigongo kwa samadi ya ng'ombe iliyochanganywa na majivu, kwa rangi nyeusi, nyeupe na nyekundu. Pembetatu zile na mistari ile ya kupinda hukaa vizuri mno kwenye miraba. Nikiri kwamba kwenye kioo hazina ile migongo inayopapaswa kwa mkono, ambayo ndiyo asili ya jina lenyewe. Anayetaka imigongo anunue kwa akina mama hao. Ya simu ni mazoezi.

Kilichonifanya nisiache ni nyumba ya Karagwe. Wazazi wangu waliishi huko kama wakimbizi, nasi tukarejea mwaka 1996 bila picha hata moja ya mahali tulipozaliwa. Wasomaji wengi waliorejea wanaijua hali hii. Nilikaa na mama jioni kadhaa, yeye akisema, mimi nikichora.

"Jiko lilikuwa upande wa juu, mwanangu, moshi usiingie ndani," alisema. Nikalisogeza. Siku iliyofuata akakumbuka kwamba mlango ulitazama migomba, si barabara.

Kwenye karatasi kazi hiyo ingetoboka kwa kufutwafutwa. Programu hizi zina matabaka, mfano wa vioo vilivyopangwa kimoja juu ya kingine: nyumba tabaka lake, jiko lake, migomba yake. Unaondoa kimoja bila kugusa vingine. Siku hizi zipo programu za akili bandia zinazotoa picha ya nyumba kwa sekunde chache, na ni nzuri kweli, lakini haziwezi kujua mlango wa mama ulitazama wapi. Wazee wanaokumbuka wanapungua. Anayetaka kuchora boma lake la zamani asingoje apate simu bora.

Neno moja kwa atakayetaka kuchapisha. Karatasi ya A4 inahitaji picha yenye nukta 2480 kwa 3508. Chagua ukubwa huo tangu mwanzo, kwani picha ndogo ikikuzwa hutoka na ukungu. Hifadhi kama PNG, na ukituma kwa WhatsApp itume kama hati, si kama picha, isije ikabanwa na kupoteza mistari.

Yangu niliituma hivyo kwa mjomba aliyebaki Karagwe. Amejibu kwamba mparachichi haupo, nao ulikuwa nyuma ya jiko. Mama anasema ulipandwa baada ya sisi kuondoka. Nimeuweka kwenye tabaka la peke yake mpaka watakapoelewana.