Msumeno wa Betri Nao Unataka Mafuta

Misitu ya miombo ya Kilosa, wilaya inayopakana na Hifadhi ya Taifa ya Mikumi, haipaswi kukatwa ovyo. Tangu mradi wa mkaa endelevu uanze mwaka 2012, vijiji kadhaa vya wilaya hiyo huvuna kwa vitalu vya mita 50 kwa 50: kimoja huvunwa, cha jirani huachwa, na visiki huchipua upya. Kisiki chenye mkato safi huchipua vizuri kuliko kilichochanika, na mkato safi hutaka msumeno wenye meno makali.

Msumeno wa mnyororo unaotumia betri haunywi petroli, lakini mafuta ya kulainisha mnyororo unayahitaji vilevile. Tangi lake likaguliwe kila betri inapobadilishwa.

Kabla ya kugusa mnyororo, betri itolewe. Hili ni la lazima, kwa sababu mashine hii hukaa kimya kabisa huku ikiwa tayari kukata kidole. Kisha, kwa mkono wenye glavu, mnyororo uvutwe: uzunguke bila kukwama, wala usining'inie. Msumeno ukitoa unga badala ya maranda, umekuwa butu. Unolewe kwa tupa ya duara inayolingana na meno yake. Uchafu kwenye mfereji wa upanga, yaani bapa linaloongoza mnyororo, uondolewe kwa brashi kavu, si kwa maji.

Adui mkubwa wa betri ya lithiamu ni joto, na jua la Kilosa si la mchezo. Ipumzishwe kivulini, ipoe, ndipo ichajiwe. Ikikaa wiki kadhaa bila kazi, ihifadhiwe ikiwa na chaji karibu nusu.