Kibali cha kazi cha Bara hakivuki bahari

MFANYABIASHARA wa Chang'ombe au Tegeta anayetaka kufungua tawi Unguja huanza kwa kupiga hesabu ya nauli ya boti, pango na ushuru wa mzigo. Kinachosahaulika mara nyingi ni fundi wake wa kigeni, ambaye kibali chake cha kazi kinaishia ufukweni.

Chanzo kimo katika Katiba ya mwaka 1977. Orodha ya mambo ya Muungano inataja uraia na uhamiaji; ajira za sekta binafsi hazimo. Kwa hiyo Idara ya Uhamiaji ni moja kwa nchi nzima nayo ndiyo hutoa kibali cha ukaazi, lakini kibali cha kazi kina milango miwili. Bara hutolewa na Kamishna wa Kazi chini ya Sheria ya Kuratibu Ajira za Wageni ya mwaka 2015, inayotumika Tanzania Bara tu. Zanzibar inafuata Sheria yake ya Ajira Na. 11 ya mwaka 2005.

Hapo ndipo mtaji mdogo unapoumia. Mchukulie mwenye kiwanda cha maji ya chupa Temeke, mwenye fundi mitambo mmoja kutoka India. Mashine ya Unguja ikiharibika, hawezi kumpandisha boti asubuhi akafanye kazi kwa kibali cha Bara. Itabidi aombe kibali cha Zanzibar na kulipa ada ya pili, au atafute fundi raia. Kampuni kubwa ina mtu wa kushughulikia makaratasi. Huyu wa Temeke ndiye mkurugenzi, ndiye karani, na foleni anapanga mwenyewe.

Sheria ya 2015 inatoa kibali cha miezi 24 na kumtaka mwajiri aonyeshe mpango wa kumrithisha Mtanzania ujuzi wa mgeni. Wapo wanaouona mpango huo kuwa karatasi ya kujaza tu. Kibiashara ni kosa: Mtanzania akishaujua mtambo, anavuka kwenda Unguja na kurudi bila kibali cha mtu.

Kwa wenye maduka, saluni na mafundi simu, habari ni nyingine. Amri ya Julai 2025 iliwazuia wageni kufanya biashara hizo Bara, kwa faini isiyopungua sh. milioni 10. Mtanzania anayewasaidia naye ana adhabu yake: faini ya sh. milioni 5 au kifungo cha miezi mitatu.