Steroidi ya Kuvuta na Hatari ya Nimonia kwa Wenye Ugonjwa Sugu wa Mapafu

Steroidi inayovutwa kwa pampu hutuliza uvimbe ndani ya njia za hewa. Uvimbe huo humfanya mgonjwa abanwe na kifua, lakini pia ni sehemu ya namna mwili unavyopambana na vimelea, na dawa inayouzima haina uwezo wa kutenganisha uvimbe unaodhuru na ule unaolinda. Makala hii inafafanua jinsi tatizo hilo linavyojitokeza kwa mtu mwenye ugonjwa sugu wa kuziba kwa njia za hewa, ambao kuanzia hapa utaitwa ugonjwa sugu wa mapafu. Hoja inayojengwa ni kwamba faida na madhara ya dawa hii hayawaangukii wagonjwa wote kwa kiwango kimoja, na kwamba vigezo vinavyotumika ulimwenguni kuwatenganisha wagonjwa hao vinahitaji kuangaliwa kwa makini zaidi katika nchi zenye kifua kikuu na minyoo.

Ni muhimu kwanza kutenganisha magonjwa mawili ambayo lugha ya kila siku huyachanganya. Mtu anayekohoa na kubanwa kifua kwa miaka mingi husemwa tu kuwa ana pumu, na kifaa anachotumia huitwa pampu, bila kujali dawa iliyomo. Hata hivyo, pumu mara nyingi huanza utotoni, huja na kuondoka, na njia za hewa hufunguka tena zikipata dawa. Ugonjwa sugu wa mapafu kwa kawaida huwapata watu wazima baada ya miaka mingi ya sigara, moshi wa kuni na mkaa, au vumbi la kazini, na kuziba kwake hakufunguki kikamilifu. Katika pumu, steroidi ya kuvuta ndiyo msingi wa tiba, na tangu mwaka 2019 mwongozo wa kimataifa wa pumu unaojulikana kwa kifupi cha GINA haupendekezi tena salbutamoli peke yake. Katika ugonjwa sugu wa mapafu, mambo ni kinyume: msingi ni dawa za kutanua njia za hewa, na steroidi huongezwa kwa baadhi ya wagonjwa tu. Kwa hiyo, yanayoelezwa hapa chini kuhusu nimonia hayapaswi kuhamishiwa kwa mgonjwa wa pumu. Majaribio ya budesonidi kwa wenye pumu hayakuonyesha ongezeko la nimonia, na mwenye pumu anayeacha steroidi yake kwa hofu ya nimonia hujiweka katika hatari kubwa zaidi ya ile anayoikimbia.

Ushahidi wa TORCH

Hadi kufikia mwanzoni mwa karne hii, steroidi ya kuvuta ilikuwa ikitolewa kwa wingi kwa wenye ugonjwa sugu wa mapafu kwa kufuata mafanikio yake katika pumu. Jaribio lililobadili mjadala ni TORCH, ambalo Peter Calverley na wenzake walilichapisha mwaka 2007. Wagonjwa zaidi ya 6,000 waligawanywa katika makundi manne na kufuatiliwa kwa miaka 3. Kundi la kwanza lilivuta salmeteroli, ambayo hutanua njia za hewa. La pili lilivuta flutikasoni, ambayo ni steroidi. La tatu mchanganyiko wa dawa hizo mbili. Na la nne pampu isiyo na dawa. Lengo kuu lilikuwa kujua kama mchanganyiko huo unapunguza vifo. Walifariki asilimia 12.6 katika kundi la mchanganyiko na asilimia 15.2 katika kundi lisilo na dawa, tofauti ambayo ilikosa kidogo tu kufikia kiwango cha kitakwimu kilichokuwa kimewekwa. Waliopewa steroidi peke yake walifariki asilimia 16.0.

Matokeo ambayo hayakutarajiwa yalihusu nimonia. Uwezekano wa kuipata katika miaka 3 ulikuwa asilimia 12.3 kwa wasiopewa dawa, 13.3 kwa waliovuta salmeteroli, 18.3 kwa waliovuta flutikasoni, na 19.6 kwa waliovuta mchanganyiko. Makundi mawili yenye steroidi yalipanda kwa pamoja, na mawili yasiyo nayo yakabaki chini. Ni vigumu kuusoma mpangilio huo na kuuita bahati.

Hata hivyo, takwimu hizi zinapaswa kusomwa sambamba na zile za kuzidiwa, yaani vipindi ambapo kikohozi, makohozi na kubanwa huongezeka ghafla hadi mgonjwa akahitaji dawa za ziada au kulazwa. Wasiopewa dawa walizidiwa mara 1.13 kwa mwaka, wa salmeteroli mara 0.97, na wa mchanganyiko mara 0.85. Tukichukua wagonjwa 100 kwa miaka 3, mchanganyiko uliepusha takribani vipindi 84 vya kuzidiwa ukilinganishwa na pampu isiyo na dawa, huku watu 7 zaidi wakipata nimonia. Lakini mgonjwa halisi hachagui kati ya mchanganyiko na pampu tupu. Anachagua kati ya mchanganyiko na dawa ya kutanua njia za hewa peke yake, na kwa ulinganisho huo vipindi vilivyoepushwa hushuka hadi takribani 36, ilhali ongezeko la nimonia hubaki watu 6. Faida bado ipo, ila imepungua zaidi ya nusu, na madhara yamebaki karibu pale pale. Kwa maoni yangu, hapa ndipo mijadala mingi hupotea, kwa kuwa anayetaka kuitetea dawa huchagua ulinganisho wa kwanza na anayeipinga huchagua wa pili.

Inafaa kuongeza kwamba katika TORCH ongezeko la nimonia halikuambatana na ongezeko la vifo katika kundi la mchanganyiko. Sababu ya hali hiyo bado inajadiliwa. Ni faraja ya kiasi tu, kwa kuwa kulazwa kwa nimonia kwa mtu ambaye mapafu yake tayari yamechoka ni jambo zito hata asipofariki.

Namna dawa inavyofungua mlango

Njia za hewa za mtu mwenye ugonjwa huu hazina usafi wa zile za mtu mwenye afya. Vinyweleo vinavyosukuma makohozi nje vimeharibika, na bakteria hukaa humo hata siku ambazo mgonjwa anajiona mzima. Chembe za ulinzi ziitwazo makrofaji, ambazo kazi yake ni kumeza na kuua bakteria, tayari zimedhoofika. Steroidi huzidi kuzipunguzia nguvu, na pia hupunguza baadhi ya kemikali ambazo utando wa njia za hewa huzitoa ili kuua bakteria na kuzuia virusi visizaliane. Dalili inayoonekana kwa macho ya udhaifu huo ni fangasi wa kinywani: utando mweupe kwenye ulimi na koo. Kusukutua kwa maji na kuyatema baada ya kuvuta dawa hupunguza tatizo hilo la kinywani, lakini hakuondoi dawa iliyokwisha kushuka mapafuni.

Aina ya steroidi huenda ina uzito wake. Flutikasoni huyeyuka zaidi katika mafuta kuliko katika maji, hivyo hukaa muda mrefu kwenye utando wa njia za hewa. Budesonidi huyeyuka upesi zaidi na kuondoka. Samy Suissa na wenzake (2013), waliochunguza kumbukumbu za wagonjwa zaidi ya 163,000 wa Quebec nchini Kanada, waliona kwamba watumiaji wa flutikasoni walikuwa na hatari ya nimonia kali iliyokaribia mara mbili ya wasiotumia steroidi, na kwamba hatari hiyo ilipanda kadiri dozi ilivyopanda. Kwa budesonidi ongezeko lilikuwa takribani asilimia 17. Utafiti wa Sweden wa mwaka huohuo ulielekea upande huohuo. Pamoja na hayo, kamati ya usalama wa dawa ya Umoja wa Ulaya ilipopitia ushahidi wote mwaka 2016 iliamua kwamba steroidi zote za kuvuta huongeza hatari ya nimonia kwa wagonjwa hawa, na kwamba hapakuwa na uthibitisho wa kutosha wa kuzitofautisha. Uamuzi huo ni wa tahadhari, na ni wa haki, kwa sababu dawa hizo mbili hazikuwa zimewahi kushindanishwa moja kwa moja katika jaribio kubwa lililobuniwa kwa swali hilo.

Ni nani anayefaidika?

Mwaka 2016 jaribio la FLAME lililinganisha mchanganyiko wa dawa mbili za kutanua njia za hewa na mchanganyiko wa salmeteroli na flutikasoni. Walioachana na steroidi walizidiwa mara chache zaidi kwa asilimia 11, na nimonia yao ilikuwa asilimia 3.2 dhidi ya 4.8. Miaka miwili baadaye IMPACT, lenye wagonjwa 10,355, lilionyesha kwamba dawa tatu kwa pamoja, steroidi ikiwemo, hupunguza kuzidiwa kuliko dawa mbili za kutanua peke yake, ingawa nimonia nayo iliongezeka. Msomaji anaweza kudhani kwamba majaribio haya yanapingana. (Asisahau pia kwamba kila moja liligharimiwa na kampuni inayotengeneza dawa iliyoibuka mshindi.) Tofauti kubwa imo katika wagonjwa wenyewe: wa IMPACT walikuwa wamezidiwa zaidi kabla ya kuingia katika jaribio.

Kigezo kingine kilichoibuka ni eosinofili, aina ya chembe nyeupe za damu. Mwongozo wa kimataifa wa GOLD huchukulia kwamba mgonjwa anayezidiwa mara kwa mara na mwenye eosinofili 300 au zaidi kwa kila maikrolita ya damu ana sababu nzuri ya kupewa steroidi, ilhali mwenye chini ya 100 hatarajiwi kufaidika sana. Mwongozo huohuo unataja nimonia za kujirudia na historia ya maambukizi ya jamii ya bakteria wa kifua kikuu kuwa sababu za kutoitumia. Walio hatarini zaidi kwa nimonia ni wenye umri wa miaka 55 na kuendelea, wanaovuta sigara bado, waliokonda, na wale ambao mapafu yao yameziba sana.

Kipimo cha eosinofili kina mvuto: ni cha damu, ni cha bei nafuu, na maabara nyingi za wilaya zinaweza kukifanya. Lakini viwango vya 100 na 300 vilitokana kwa sehemu kubwa na wagonjwa wa nchi ambako minyoo ni nadra. Kichocho, minyoo ya safura na minyoo mingine inayopita kwenye tishu za mwili hupandisha eosinofili. Mkulima wa kandokando ya Ziwa Victoria mwenye eosinofili 450 anaweza kuwa na njia za hewa zinazoitikia steroidi, au anaweza kuwa na kichocho. Kumwandikia steroidi kwa idadi hiyo peke yake, bila kumpima na kumtibu minyoo kwanza na kurudia kipimo, ni kumpa madhara ya uhakika kwa faida ya kubahatisha.

Kifua kikuu

Tanzania, Kenya, Uganda na Jamhuri ya Kidemokrasia ya Kongo zimo katika orodha ya Shirika la Afya Duniani ya nchi 30 zenye mzigo mkubwa wa kifua kikuu. Uchambuzi wa pamoja wa majaribio ya tiba uliochapishwa na Dong na wenzake mwaka 2014 ulikadiria kwamba steroidi ya kuvuta huongeza hatari ya kifua kikuu kwa wenye ugonjwa sugu wa mapafu zaidi ya mara mbili. Katika maeneo ambako kifua kikuu ni cha kawaida, mgonjwa mmoja wa ziada angetarajiwa kwa kila watu 909 wanaotibiwa kwa mwaka. Kwingineko, mmoja kwa kila 1,667. Idadi hizi ni ndogo kuliko zile za nimonia, lakini kifua kikuu huambukiza wanaoishi na mgonjwa, jambo ambalo hesabu ya mtu mmoja mmoja hailioni.

Kuna utata zaidi. Utafiti uliofanywa katika eneo la vijijini nchini Tanzania na kuchapishwa mwaka 2018 ulikadiria kwamba asilimia 17.5 ya watu wazima waliopimwa walikuwa na ugonjwa sugu wa mapafu, na kuwahi kuugua kifua kikuu kulihusishwa nao. Wengi wa wagonjwa wetu, kwa maneno mengine, wana mapafu yenye makovu ya kifua kikuu au yaliyochakazwa na moshi wa mafiga. Majaribio kama TORCH yaliwaacha nje watu wenye magonjwa mengine ya mapafu, na wengi wa washiriki walikuwa wavutaji sigara wa sasa au wa zamani. Faida inayonukuliwa katika miongozo haikupimwa kwa mama wa miaka 60 aliyepika kwa kuni maisha yake yote na kutibiwa kifua kikuu mara mbili. Hatari yake, kwa upande mwingine, tunayo kila sababu ya kuiona kubwa.

Kwa anayetumia tayari, kuacha si jambo la kufanya peke yake nyumbani. Jaribio la WISDOM (2014) liliondoa flutikasoni hatua kwa hatua katika wiki 12 kwa wagonjwa waliobaki na dawa mbili za kutanua njia za hewa, na vipindi vya kuzidiwa havikuongezeka kwa ujumla, ingawa uwezo wa mapafu ulishuka kidogo. Uchambuzi wa baadaye ulionyesha kwamba waliokuwa na eosinofili 300 na zaidi, hasa waliokuwa wakizidiwa mara kwa mara, walidhurika kwa kuiacha. Sharti la kubaki na dawa mbili za kutanua ndilo gumu kwetu, kwa kuwa katika vituo vingi kinachopatikana ni salbutamoli na vidonge vya prednisoloni. Mgonjwa anayenyimwa pampu ya steroidi kwa kuogopa nimonia, kisha akapewa prednisoloni kila anapobanwa, mara nne au tano kwa mwaka, anapokea steroidi nyingi zaidi mwilini mwake kuliko ile aliyoepushwa, pamoja na kisukari, mifupa dhaifu na udhaifu uleule mbele ya kifua kikuu.