Mito ya fotei ya kushona ku nyumba: kikwembe ndiyo, salopeti hapana

Mwisho wa mwezi tulienda kusalimia mwenzetu mumoja hapa Kolwezi. Kontra yake ilikuwa imeisha, na sisi wa sandika tulikuwa tunafuata makaratasi yake. Tulipoingia mu salo tuliona fotei za zamani zimepata mito mipya minne. Nyumba ilipendeza. Tukasifu, na bibi yake akafurahi: ni yeye njo aliishona, kwa mukono.

Kisha tukaangalia muzuri. Kitambaa kilikuwa cha bluu, na pembeni kulikuwa ule mustari unaowaka usiku. Ilikuwa salopeti ya kazi ya bwana yake. Ndani mama alikuwa ameweka vitambaa vya kupangusia mashini. Mutoto wao mudogo alikuwa amelala palepale, kichwa juu ya muto.

« Baba, nguo ilikuwa ingali nguvu, nitaitupa namna gani? » mama alituuliza.

Hatukumugombeza. Hakuna mutu aliyekuwa amemwambia. Lakini tumwambie kila mutu leo: vumbi la jiwe lililosagwa ni laini sana, linaingia mu nyuzi na mu mishono. Sabuni inatosha uchafu wa kuonekana, haitoshi yote. Mu vumbi ile muko silika, muko kobalti, na mapafu ya mutoto si ya kuchezea. Kila mara mutu anaegemea muto, muto unapumua: unatoa upepo, na vumbi inafuata. Ni vilevile kwa mifuko iliyobeba shokaa ao dawa za kutengenezea madini. Ile haishonwi, haitandikwi, haiwekwi unga.

Basi tushone nini? Kikwembe. Wazee wanakumbuka fwaye sosiale za Union Minière, na kisha za Gécamines, kule bamama walifunzwa kushona, kufuma na kupika. Wengi walifunza mabinti wao. Hii kazi haiombe mashini: shindano, uzi, makasi na futi vinatosha.

Vipimo ni hivi, kwa muto wa santimetri 40 kila upande. Fua kwanza kikwembe na ukipige pasi, kisikuje kurudi nyuma kisha kushona. Kata mukanda wa santimetri 42, kutoka ukingo mupaka ukingo. Mu ule mukanda mutatoka vipande vitatu: kimoja cha mbele, 42 kwa 42, na viwili vya nyuma, 42 kwa 30. Yadi moja inatoa mito miwili. Pièce ya yadi 6 inatoa 12.

Kwa kila kipande cha nyuma, kunja upande mumoja murefu: santimetri 1, kisha 2, na ushone. Hapo njo mulango wa muto. Hauna lazima ya zipu wala vifungo.

Lalisha kipande cha mbele, maua yakiangalia juu. Weka juu yake vile viwili vya nyuma, maua yakiangalia chini, kingo za kushonwa zikutane katikati na zipandane santimetri 12. Funga na pini. Shona kuzunguka pande zote ine, santimetri 1 toka ukingo. Kwa mukono, rudisha shindano nyuma kidogo kila hatua, mushono usifunguke. Pale vipande vinapandana, pita mara mbili. Kata ncha za kona bila kugusa uzi, geuza, na sukuma kona kwa kijiti.

Mufuko wa ndani ushonwe na shuka ya zamani iliyo safi: vipande viwili vya 42 kwa 42, uache tundu ya mukono. Jaza na pamba, ao musi iliyokatwakatwa, ao mabaki ya vitambaa ya kwa fundi. Jaza kona kwanza, katikati mwisho. Funga tundu, ingiza mufuko, imeisha. Kikichafuka, unavua kikwembe na kukifua peke yake.

Siku ya Mungu iliyofuata, yule mama alikata yadi mbili za kikwembe chake cha sikukuu. Bwana yake alipima, yeye akashona. Ile salopeti tuliifunga mu mufuko, tukairudisha kule ilitoka.

Na hapa sandika iko na neno lake. Mutumikaji angevulia nguo ku kazi, na zifuliwe kulekule, mama hangeikuta salopeti ku nyumba. Tutaliweka ku meza siku ya kuzungumza na wakubwa. Mupaka ile siku, bandugu, nguo ya kazi ikae inje ya mulango, ifuliwe mbali na ya batoto, na mito ya fotei iwe ya kikwembe.